Msiuze Shamba Kwanza: Jibu Kuhusu Ngozi Inayooteshwa Maabara

Swali limetoka kwa msomaji wa Mwandiga, Kigoma. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19. Alimwagikiwa mawese ya moto wakati wa kukamua, mguu wa kulia, kuanzia paja kwa nyuma kushuka chini. Huu ni mwezi wa nne. Kwingine kumepona, ila nyuma ya goti na sehemu ya paja kuna kidonda ukubwa wa viganja viwili, hakifungi. Tumetumiwa video inayoonyesha madaktari wa nje wakiotesha ngozi maabara kwa seli za mgonjwa mwenyewe, wengine wanazipuliza kwa kichupa juu ya kidonda. Wazee wanataka tuuze shamba la michikichi tumpeleke India. Jirani mmoja anasema tujaribu kwanza asali ya Tabora, mwingine anasema ngozi ya ngege. Je, hiyo ngozi ya maabara ni kweli? Na tuuze?"

Marahaba, ndugu yangu. Poleni sana, wewe, mgonjwa na wazazi. Naanza na la haraka, maana shamba likishauzwa halirudi: msiuze. Ngozi ya maabara ni kweli, ipo, imeokoa watu, na nitakueleza inavyofanya kazi kwa sababu umeuliza jambo la maana na unastahili jibu kamili. Ila kwa kidonda ulichonieleza, ngozi anayoihitaji mdogo wako anayo tayari mwilini, kwenye paja la mguu wa kushoto.

Tuanze na kipimo. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake, vikiwa vimebanana, ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake yote. Hivyo ndivyo tunavyokadiria moto wodini kwa haraka. Viganja viwili ni kama asilimia 2. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa inafika kati ya mita 1.5 na 2 za mraba, kwa hiyo amebakiwa na ngozi nzima nyingi sana. Ishike hesabu hiyo, kwa sababu ngozi ya maabara ilipata umaarufu kwa wagonjwa ambao hawakubakiwa na mahali pa kuchukua ngozi.

Halafu tuelewe kwa nini mwezi wa nne umefika na kidonda kiko palepale. Maji yakichemka yanaishia nyuzi joto 100. Mafuta yanapanda zaidi ya hapo, ni mazito, yanashika kwenye ngozi na kwenye nguo, yanaendelea kuunguza wakati mtu anahangaika kuvua kitenge. Wanaokamua mawese wanaijua ile hatua ya mwisho ya kuyachemsha yakauke: maji yaliyobaki chini ya pipa yanalipuka mvuke na kurusha mafuta juu. Na nyuma ya goti ngozi ni nyembamba. Juu kuna tabaka jembamba sana la seli zinazojipanga na kujichubua kila siku; chini yake kuna tabaka nene la nyuzi za protini iitwayo kolajeni, lenye mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, mizizi ya nywele na tezi za jasho. Ukiungua juujuu, seli mpya zinachipuka kutoka kwenye ile mizizi ya nywele na tezi, ndiyo maana malengelenge hupona ndani ya wiki mbili au tatu bila fundi yeyote. Tabaka la chini likiungua lote, mizizi imekwisha. Zinabaki seli za pembeni tu, zitambae kutoka kwenye kingo kuelekea katikati. Kwa jeraha la upana wa kidole zinafika. Kwa upana wa viganja viwili, tena mahali panapokunjwa kila hatua, zinachoka njiani, na mwili unaamua kukivuta kidonda kifunge kwa kukunja kovu. Sehemu zilizopona kwa mdogo wako ziliungua juujuu. Hiyo iliyobaki iliungua yote, na kuendelea kubadilisha gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) kwa miezi mingine hakutabadilisha jambo hilo.

Sasa video. Mwaka 1975, huko Massachusetts, Marekani, James Rheinwald na mwalimu wake Howard Green walichapisha njia ya kuotesha seli za tabaka la juu la ngozi ya binadamu, kizazi baada ya kizazi. Kabla yao seli hizo zilikuwa zikiwekwa kwenye chombo zinagawanyika kidogo kisha zinakufa. Wao walizipanda juu ya seli za panya zilizopigwa mionzi. Seli hizo za panya haziwezi tena kuzaliana, lakini bado ziko hai, na zinatoa vitu ambavyo seli za ngozi zinavihitaji ili zistawi. Kazi yao ya mwanzo wala haikuhusu ngozi. Walikuwa wakichunguza seli za uvimbe wa panya, wakaona makundi ya seli zilizofanana na za ngozi yakinawiri katikati, wakaamua kuyafuata.

Namna ya kufanya ni hii. Daktari anakata kipande cha ngozi nzima, mara nyingi kinenani au kwapani, ukubwa wa stempu ya barua. Kinalowekwa kwenye kimeng'enya kinachoziachanisha seli, kisha seli zinamwagwa juu ya zile za panya, kwenye kabati la joto la nyuzi 37 lenye hewa iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Chakula chao cha majimaji kinabadilishwa kila baada ya siku chache. Baada ya wiki tatu hivi seli zimeshikana zikawa utando. Utando unabanduliwa kwa kimeng'enya kingine, unabanwa kwenye gozi yenye mafuta ili usijikunje, unapelekwa chumba cha upasuaji. Kutoka kwenye stempu moja unaweza kupata utando wa kufunika mita nzima ya mraba na zaidi. Mwaka 1983 watoto wawili, ndugu wa tumbo moja kutoka Wyoming, waliungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Walitibiwa Boston kwa utando wa namna hiyo, wakaishi. Kwa watoto wale hapakuwa na paja la kuchukulia ngozi. Hilo ndilo tatizo ambalo maabara ilikuja kulitatua, na utando wa namna hiyo ulioruhusiwa Marekani mwaka 2007 umeruhusiwa kwa walioungua asilimia 30 au zaidi. Mdogo wako ana asilimia 2.

Video hazionyeshi udhaifu wa utando wenyewe. Unene wake ni safu chache tu za seli, kati ya mbili na nane. Ukiushika bila gozi unachanika. Hauna tabaka la chini, hauna nywele, hauna tezi za jasho. Ngozi ya kawaida imefungwa kwenye nyama iliyo chini yake kwa nyuzi ndogo za kuishikilia. Utando mpya unachukua wiki nyingi, hata miezi, kuzijenga nyuzi hizo, na muda wote huo msuguano kidogo unatoa malengelenge na unabanduka. Bakteria kidogo kwenye kidonda zinaula wote. Fikiria kuuweka nyuma ya goti la binti anayeinuka, anayechuchumaa, anayepanda bodaboda. Hata mahali ambapo wanao, hapo si mahali pa kuuanzia.

Ndiyo maana watafiti wengine walianza na tabaka la chini, na kwa maoni yangu upande huu umewafaa wagonjwa wengi zaidi. Ioannis Yannas, mhandisi mzaliwa wa Ugiriki, na John Burke, daktari bingwa wa upasuaji wa Boston, walichukua kolajeni ya kano za ng'ombe, wakaichanganya na kitu kinachotoka kwenye gegedu la papa, wakaigandisha na kuikausha ikawa sifongo nyembamba yenye vitundu vidogo vya ukubwa wa unene wa unywele. Juu wakaweka karatasi ya silikoni kuzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Matokeo ya kwanza kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 1981, na bidhaa iliruhusiwa Marekani mwaka 1996. Sifongo hiyo haina seli hata moja. Ni kiunzi: seli za mgonjwa na mishipa yake ya damu vinapanda ndani ya vitundu, vinajenga tabaka jipya la chini, na mwili unakiyeyusha kiunzi chenyewe taratibu. Ukubwa wa vitundu si wa kubahatisha. Vikiwa vidogo mno seli haziingii, vikiwa vikubwa mno mwili unajenga kovu la kawaida. Baada ya wiki mbili au tatu, silikoni inabanduliwa.

Halafu kinafuata nini? Anachukuliwa ngozi nyembamba pajani na kuwekwa juu. Soma sentensi hiyo mara mbili, ndugu yangu. Kiunzi hicho cha gharama kubwa kinaishia kwenye ngozi ya paja la mgonjwa mwenyewe.

Ipo aina ya tatu, ambayo ina kiunzi na seli kwa pamoja, na seli si za mgonjwa. Zinatoka kwenye ngozi ya govi la watoto wachanga waliotahiriwa, zinaoteshwa kwenye kolajeni ya ng'ombe mpaka zinatengeneza tabaka zote mbili. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena, na mwaka 2000 kwa vidonda vya kisukari. Watu wengi wanadhani seli hizo zinabaki na kuwa ngozi ya mgonjwa. Hazibaki. Baada ya wiki chache huwezi kuziona tena. Kazi yake ni kutoa viashiria vya kemikali vinavyoziamsha seli za mgonjwa zilizolala kwenye kingo za kidonda sugu. Katika utafiti mkubwa wa vidonda vya kisukari, wagonjwa 208, baada ya wiki 12 ambao kidonda chao kilifunga kabisa walikuwa asilimia 56 kwa waliopewa ngozi hiyo na asilimia 38 kwa waliotunzwa vizuri kwa njia ya kawaida. Tofauti ni ya kweli na ina thamani. Lakini tazama upande wa pili: kati ya waliopata ngozi ya maabara, zaidi ya wanne katika kumi vidonda vyao havikufunga ndani ya muda ule. Na wale wa njia ya kawaida waliopona walisaidiwa na usafi wa kidonda, kukata nyama mfu na kuacha kukanyagia mguu. Kama kuna msomaji mwingine anayesoma hapa ana mzee mwenye kidonda cha kisukari, naomba alichukue hilo kabla ya kutafuta kitu cha dukani: mguu usikanyagwe.

Hao wa kupuliza: ni mbinu iliyotokana na kazi ya Fiona Wood, daktari wa upasuaji wa Perth, Australia, na wenzake; jina lake lilijulikana zaidi alipowatibu majeruhi wa milipuko ya mabomu ya Bali, Indonesia, ya mwaka 2002. Kipande kidogo cha ngozi kinalowekwa kwenye kimeng'enya pale pale chumba cha upasuaji, seli zinakwanguliwa, zinachujwa, zinawekwa kwenye kichupa na kupulizwa, yote ndani ya nusu saa hivi, hakuna wiki tatu za kusubiri maabara. Kipande kimoja kinaweza kutawanywa kwenye eneo kubwa mara 80. Marekani iliiruhusu mwaka 2018. Lakini kwa moto wa kina, ule uliokula tabaka lote, seli za kupuliza zinawekwa pamoja na ngozi ya kupandikiza iliyotobolewa vitundu, ili kuharakisha vitundu hivyo kufunga. Video imekuonyesha kichupa, haikukuonyesha paja.

Na kuna yule mtoto wa miaka saba, mkimbizi kutoka Syria, aliyetibiwa Bochum, Ujerumani, kuanzia mwaka 2015. Alizaliwa na ugonjwa unaofanya ngozi ibanduke kwa kuguswa tu. Wanasayansi wa Italia walichukua seli zake, wakarekebisha jeni yenye kasoro, wakaotesha utando uliofunika asilimia 80 hivi ya mwili wake. Ngozi ilishika. Nimemtaja kwa sababu video nyingi zinatumia picha zake, na ugonjwa wake hauhusiani kabisa na moto wa mafuta.

Sasa jambo ambalo ningependa wazee walisikie kwa sauti. Hapo kwenu Kihinga, kituo cha utafiti kinatoa miche ya michikichi ya tenera, mizuri kuliko ile ya zamani. Mzee yeyote wa Mwandiga atakwambia kwamba mche ule ukiupanda juu ya mwamba, sifa ya kitalu haitausaidia. Ngozi ni hivyo hivyo, iwe ya maabara ya Boston au ya paja la mgonjwa. Ngozi yoyote unayoiweka juu ya kidonda haina damu yake. Siku ya kwanza na ya pili inaishi kwa kunyonya majimaji yanayotoka chini. Kuanzia siku ya tatu hivi mishipa midogo ya kidonda inaungana na ya ngozi. Ikikuta usaha, utando wa nyama mfu, damu iliyoganda au mguu unaotikisika, haiungani, inakuwa nyeusi, inaoza. Kupeleka kidonda kisichotayarishwa India ni kukisafirisha tu.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni kukitayarisha. Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, muombe kumuona daktari wa upasuaji, na muulize swali moja waziwazi: "Kidonda hiki kinaweza kupandikizwa ngozi lini, na kinakosa nini ili kiwe tayari?" Swali hilo linabadilisha mazungumzo. Mgonjwa wa miezi minne mara nyingi ameshazoeleka kama mtu wa dresingi, anaingia, anafungwa, anatoka, na hakuna anayesimama kuuliza mwisho wake ni upi.

Watampima wingi wa damu. Binti wa miaka 19 mwenye kidonda kinachovuja miezi minne mara nyingi damu imeshuka, na wengi wetu tunapenda ifike gramu 10 kwa desilita kabla ya kumpeleka chumba cha upasuaji. Wapime sukari, VVU na selimundu, maana selimundu peke yake inaweza kuzuia kidonda cha mguu kupona. Waulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Wakichukua usaha kuuotesha, wanamtafuta hasa bakteria mmoja wa jamii ya streptokoka, yule anayesababisha pia mafindofindo: huyo anayeyusha ngozi iliyopandikizwa ndani ya siku chache, kwa hiyo akiwepo lazima atibiwe kwanza. Kama ukingo wa kidonda umenyanyuka, mgumu, unatoka damu kirahisi, waombe wakate kipande kwenda kupimwa saratani. Kwa miezi minne uwezekano ni mdogo, lakini kidonda cha moto kinachoachwa wazi miaka kinaweza kugeuka saratani ya ngozi. Madaktari wa Bugando, Mwanza, wameandika kuhusu wagonjwa wa namna hiyo, wengi wakiwa wamekaa na kidonda muda mrefu mno.

Chakula nacho ni dawa hapa, tena dawa ambayo Kigoma mnayo. Kidonda cha namna hii kinapoteza protini kila siku kwenye yale majimaji. Dagaa, migebuka, mayai, maharage, kila mlo. Asiachiwe ugali na mboga za majani peke yake kwa sababu "anaumwa hana hamu".

Jingine uliangalie leo hii nyumbani. Alale chali, miguu yote miwili inyooke. Linganisha nyuma ya goti la kulia na la kushoto. Kama la kulia limebaki juu, halishuki kufikia mwenzake, kovu limeshaanza kulivuta goti. Wagonjwa wanapenda kuweka mto chini ya goti kwa sababu maumivu yanapungua. Uondoe mto huo. Goti likizoea kukunjwa linaganda hivyo, na hata kidonda kikifunga atatembea akichechemea. Kama limekunjamana kiasi kwamba daktari analazimika kulikata kovu ili goti linyooke, pengo litakuwa kubwa na la kina, na hapo ndipo kile kiunzi cha kolajeni kingekuwa na kazi ya kweli, kwa kuwa kinajenga tabaka la chini na kupunguza kujikunja tena. Hata hapo, daktari wa upasuaji wa urekebishaji ana njia nyingine: ngozi nene zaidi, au kugeuza kipande cha ngozi na nyama ya jirani pamoja na mishipa yake ya damu. Kwa hali hiyo ombeni rufaa ya Bugando au Muhimbili, mapema, goti lisigande zaidi.

Kama goti linanyooka, kinachofuata ni upandikizaji wa kawaida, na nataka uujue ili mgonjwa asiuogope. Anapewa ganzi. Kidonda kinakwanguliwa mpaka kitoke damu safi. Kwa kisu maalumu kinachopimwa unene, daktari anachukua tabaka jembamba la ngozi ya paja la kushoto, sehemu ya milimita, halafu ngozi hiyo inatobolewa vitundu kwa mpangilio ili itanuke na majimaji yapate pa kutokea. Inatandazwa juu ya kidonda, inashikizwa kwa nyuzi au pini, inafungwa kwa gozi yenye mafuta na pamba nyingi, na mguu unafungwa hogo kwa nyuma ukiwa umenyooka. Hogo hilo ni nusu ya upasuaji. Bila hilo, goti litakunjwa usiku akiwa usingizini na kila kitu kitateleza.

Siku ya tano hivi tunafungua. Gozi inaloweshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, inanyanyuliwa polepole kutoka pembeni, kidole kikikandamiza ngozi chini isifuate. Ngozi iliyoshika ina rangi ya waridi kwenye vitundu, imelala chapa, ukiisukuma kwa kidole haisogei. Palipokuwa na maji chini yake panaonekana papo hapo, pamevimba na pana kijivu. Tunatoboa, tunakamua, mara nyingi panaokoka. Paja lililochukuliwa ngozi linauma kuliko kidonda chenyewe kwa siku za kwanza, mwambie mapema asishtuke, lakini kwa kuwa mizizi ya nywele imebaki, linapona lenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Daktari Jacques-Louis Reverdin alipandikiza vipande vidogo vya ngozi mjini Paris mwaka 1869. Njia hii ni ya zamani, na kwa asilimia 2 ya mwili bado hakuna kilichoishinda.

India wana madaktari wazuri. Nakuhakikishia kwamba wakikiona kidonda hiki, jambo la kwanza watakalofikiria ni paja.

Na hata mngekuwa na fedha za kuagiza, fikiria safari ya bidhaa zenyewe. Ile aina ya tatu, yenye kiunzi na seli, inakaa siku chache tu kwenye mfuko wake, kwenye chumba chenye ubaridi wa wastani, haitaki friji wala jua. Utando wa seli za mgonjwa unatakiwa kufika kidondani ndani ya siku moja hivi baada ya kubanduliwa. Maabara ya kuuotesha inahitaji umeme usiokatika hata usiku mmoja kwa wiki tatu, na Kigoma ni mji ulioishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi. Sisemi hayo kwa kukata tamaa. Nadhani nchi yetu ingeweza kuanza na kiunzi cha bei ndogo ambacho kila wodi ya wazazi inakitupa: utando wa kondo, ule unaomzunguka mtoto tumboni. Ulitumika kwenye ngozi tangu mwaka 1910 huko Baltimore, Marekani. Ukichukuliwa kwa mama aliyepimwa VVU, homa ya ini na kaswende, ukasafishwa na kuhifadhiwa kitaalamu, unafunika moto wa juujuu vizuri, maumivu yanapungua. Benki ya utando wa kondo na ya ngozi ingewaokoa watoto wengi wa uji na chai ya moto kuliko maabara moja ya seli. Nitaendelea kulisema hilo popote nitakapopewa nafasi.

Asali, jirani yako hajakosea sana. Asali ina sukari nyingi inayovuta maji kutoka kwa bakteria, ina tindikali, na nyingi hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na shirika la Cochrane mwaka 2015 ulionyesha kwamba inaharakisha kupona kwa moto wa wastani kuliko baadhi ya dresingi za kawaida. Lakini asali ya kidonda inapigwa mionzi ili kuua mbegu za bakteria zinazoweza kuwamo. Ile ya dumu inayoshushwa stesheni kutoka Tabora, hata kama ni safi kabisa ya miombo, haijapitia hilo. Isitiwe kidondani bila hospitali kujua. Na hata ikiwa ya hospitali, itasaidia kusafisha, haitaotesha ngozi mahali ambapo mizizi imekwisha.

Ngozi ya ngege ndiyo inayonitia wasiwasi. Kweli Brazili, jimbo la Ceará, wametumia ngozi ya tilapia, jamii ya ngege, kwenye moto, na Aislandi wanatengeneza kiunzi kwa ngozi ya chewa. Ila ngozi zile zinaoshwa kwa dawa, za Brazili zinahifadhiwa kwenye gliserini na kupigwa mionzi, za Aislandi zinatolewa seli zote zikabaki kolajeni. Ngozi ya ngege iliyotoka kwenye meza ya samaki Kibirizi ina bakteria wa ziwa na wa sokoni. Ikiwekwa kwenye kidonda cha mdogo wako, upandikizaji utaahirishwa kwa wiki nyingi, au ataingia homa ya damu. Msijaribu.

Akishapandikizwa na ngozi ikashika, wekeni akiba yenu kwenye kipindi kinachofuata, maana nauli za mazoezi zitakula zaidi kuliko mnavyodhani. Ngozi ya kupandikiza haina tezi za mafuta, kwa hiyo inakauka na kuwasha: ipakwe Vaseline mara kadhaa kwa siku, ikikandwa taratibu. Ikingwe na jua kwa kitenge, isije ikawa na mabaka meusi ya kudumu. Hogo la usiku liendelee kuvaliwa kwa miezi kadhaa hata kama mchana anatembea vizuri, na soksi ya kubana ikipatikana avae. Kovu likianza kunyanyuka na kuwa gumu kupita mpaka wake, asisubiri. Kuna sindano ya kuchoma ndani ya kovu ambayo inafanya kazi vizuri zaidi likiwa bado dogo. Mtaalamu wa mazoezi wa Maweni atawaonyesha namna ya kulinyoosha goti, mara tatu kwa siku. Fanyeni hivyo hadi mwaka utimie, kwa sababu kovu la moto linaendelea kuvuta muda wote huo.